Conrad Kohrs: Muuza nyama aliyegeuka mfalme wa ng'ombe Montana

Tukisikia neno kauboi, akili za wengi wetu hukimbilia filamu: jamaa mwenye kofia pana, bastola kiunoni, farasi na vumbi. Ng'ombe wenyewe huonekana kwa sekunde chache tu, wakipita nyuma ya mhusika. Lakini kauboi alikuwa mfanyakazi wa mshahara, tena mshahara mdogo, na kulikuwa na mtu aliyemlipa. Leo tunamwangalia mmoja wa hao waliolipa. Aliitwa Conrad Kohrs.

Ukiendesha gari kwenye barabara kuu ya I-90 ndani ya jimbo la Montana, kaskazini magharibi mwa Marekani, utapita mji mdogo unaoitwa Deer Lodge. Wakazi wake ni takriban 3,000. Hapa kwetu kuna mitaa ya maghorofa yenye watu wengi kuliko mji huo mzima. Umekaa bondeni, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mto Clark Fork unapita kando yake, na upande wa magharibi milima imesimama kama ukuta. Pembeni mwa mji kuna nyumba nyeupe ya ghorofa, madirisha yake yana vifuniko vya rangi ya kijani, na nyuma yake kuna mazizi, mabanda, karakana ya mhunzi na nyumba walimolala makauboi. Ng'ombe bado wapo. Farasi wale wakubwa wa kukokota mizigo pia wapo. Mgeni anaweza kumtazama mhunzi akigonga chuma, akapita zizi moja hadi jingine, na kuelezwa jinsi mpishi wa makauboi alivyowapikia watu kwenye gari la farasi huko malishoni, mbali na nyumbani.

Pahali hapo panaitwa Grant-Kohrs, na tangu 1972 ni eneo la kihistoria chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Jina hilo limebeba wanaume wawili. Wa pili ndiye husifiwa zaidi na ndiye tutakayemfuata, lakini huyo wa kwanza itabidi tumpitie pia, maana bila yeye hadithi hii ina shimo katikati.

Baharia wa miaka 15

Kohrs alizaliwa Agosti 5, 1835 katika kijiji cha Wewelsfleth, eneo la Holstein. Leo pale ni Ujerumani, ila enzi hizo Holstein ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Baba yake alifariki Conrad akiwa bado mdogo. Mama akaolewa tena, na katika ndoa hiyo ya pili wakazaliwa watoto wengine. Mmoja wao aliitwa John Bielenberg. Mshike akilini.

Akiwa na miaka 15 tu, Conrad alipanda meli akawa baharia. Baadaye akaishia Marekani, ambako alikuwa na jamaa zake mjini Davenport, jimbo la Iowa. Huko alifanya kila kibarua kilichojitokeza. Alichinja, akauza soseji, akaongoza magogo yaliyofungwa pamoja yakielea kwenye mto Mississippi. Kisha ikaja homa ya dhahabu, na kama maelfu ya vijana wengine akaondoka kwenda California kuchimba. California ikakataa. Akajaribu mto Fraser huko Canada, nako mambo yakawa yale yale. Miaka ikapita hivyo, leo hapa kesho kule, mfuko mtupu.

Kiangazi cha 1862, karibu afikishe miaka 27, akatokea kwenye bonde la Deer Lodge. Hakuwa amekuja kukaa. Alikuwa anapita tu kuelekea machimbo mengine aliyosikia yana dhahabu. Ila siku zile zile dhahabu ikagunduliwa kwenye kijito cha Grasshopper, kusini mwa bonde hilo, na kambi ya Bannack ikachipuka kwa wiki chache kama vibanda vya stendi mpya ya matatu. Jamaa mmoja aitwaye Hank Crawford alitaka kufungua bucha kambini. Akamuuliza Kohrs kama anajua kuchinja. Kohrs alijua. Mshahara ukawa dola 25 kwa mwezi.

Wachimbaji walikuwa na vumbi la dhahabu mfukoni na njaa tumboni. Hakuna aliyelima, hakuna aliyefuga, wote walikuwa wameinama kwenye maji wakichekecha mchanga. Dhahabu ingeweza kuisha leo, lakini njaa ilirudi kila asubuhi. Kohrs aliyeshindwa kuipata dhahabu kwa sururu akaanza kuipokea kwenye mizani, gramu kwa gramu, juu ya meza ya nyama. Haukupita muda mrefu kabla mshahara wake kupandishwa hadi dola 100.

Halafu mambo yakageuka kwa njia ambayo hakuipanga. Crawford, ambaye wachimbaji walikuwa wamemfanya sherifu wa kambi, alikuwa na uhasama na mtu hatari, Henry Plummer. Mwanzoni mwa 1863 Crawford alimpiga Plummer risasi ya mkono, na kwa kujua kwamba siku zake zimehesabika akatoroka Bannack. Bucha ikabaki mikononi mwa Kohrs. Plummer mwenyewe akachaguliwa sherifu, kisha akashukiwa kuwa ndiye kiongozi wa majambazi waliokuwa wakiwaua na kuwaibia wasafiri, na Januari 1864 raia waliojichukulia sheria mkononi wakamnyonga bila kesi.

Katika mazingira hayo ndipo Kohrs alipojifunza biashara. Ili bucha iuze, lazima ng'ombe wanunuliwe, na ng'ombe walikuwa bonde la Deer Lodge, safari ya siku kadhaa. Alisafiri na vumbi la dhahabu kwenye mikoba, peke yake, kwenye njia walimokuwa wakivizia watu. Alinunua farasi wazuri na aliwakimbiza. Kambi mpya ilipozuka Alder Gulch mwaka 1863, akafungua bucha huko. Ilipozuka nyingine Last Chance Gulch mwaka 1864, mahali ambapo leo ni mji wa Helena, akafika huko pia. Kidogo kidogo akaacha kuwa muuza nyama wa rejareja akawa mtu anayewauzia wauza nyama.

Aliyemtangulia

Ng'ombe wengi aliowanunua Kohrs walitoka kwa mtu mmoja: Johnny Grant.

Grant alizaliwa Fort Edmonton, Canada. Baba yake alikuwa afisa wa kampuni ya biashara ya Hudson's Bay, na mama yake alikuwa Métis, watu waliotokana na ndoa kati ya Wazungu na Wenyeji wa Canada. Alizungumza Kifaransa, alielewana na makabila ya milimani, na akaoa wake kutoka jamii hizo. Mmoja wao, Quarra, alikuwa dada yake Tendoy, chifu aliyeheshimika sana.

Biashara yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba unajiuliza mbona wengine hawakuifikiria. Katika miaka ya 1850, misafara ya wahamiaji ilikuwa ikipita kuelekea Oregon na California. Kufikia milimani, ng'ombe wao walikuwa hoi, kwato zimechubuka, mbavu zinahesabika. Grant aliwasubiri njiani na ng'ombe wanono. Mpe wawili waliochoka, akupe mmoja mwenye afya. Msafiri alifurahi kwa sababu angeendelea na safari. Grant akawapeleka wale waliochoka kwenye mabonde yenye nyasi, wakanenepa, na mwaka uliofuata akarudi njiani kuwabadilisha wawili kwa mmoja tena. Kwa mtindo huo akajenga kundi la mamia, kisha zaidi.

Mwaka 1862 akajenga ile nyumba nyeupe hapo Deer Lodge, wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa vibanda vichache vilivyoitwa Cottonwood. Nyumba ilikuwa na madirisha ya vioo, kitu kilichowashangaza wapita njia waliozoea vibanda vya magogo.

Basi, dhahabu ikaleta watu, na watu wakaleta serikali. Montana ikatangazwa kuwa eneo rasmi la Marekani mwaka 1864. Kodi zikaja. Majirani wapya wakaja na macho mapya, ya kuwadharau watoto waliochanganya damu na wanaume waliowaoa wanawake Wenyeji. Grant aliyekuwa tajiri wa bonde akaanza kujiona mgeni kwenye boma alilolijenga mwenyewe. Mwaka 1866 akamuuzia Kohrs nyumba, majengo na mifugo kwa dola 19,200. Mwaka uliofuata Quarra alifariki, na Grant akaondoka na familia yake kurudi Canada. Alikufa Edmonton mwaka 1907, utajiri wake ukiwa umeyeyuka.

Sijui kama Kohrs alitafakari sana kuhusu hilo. Alikuwa na miaka 31, na alikuwa amenunua ranchi bora zaidi bondeni.

Augusta, kunguni na mpishi

Februari 1868 Kohrs alirudi Iowa akamwoa Augusta Kruse, msichana wa miaka 19 aliyezaliwa Ujerumani kama yeye. Uchumba wao ulikuwa wa haraka, wa wiki chache tu. Fungate yao ilikuwa meli ya mvuke iliyopanda mto Missouri kwa wiki nyingi hadi Fort Benton, kisha gari la farasi kwenye matope na mvua mpaka Deer Lodge.

Augusta alipofika alikuta nyumba kubwa ya wanaume wasio na wake. Unaweza kuwaza hali yake. Kulikuwa na kunguni. Alimfukuza mpishi na akachukua jiko mwenyewe. Alitengeneza sabuni na mishumaa, akakaanga kahawa, akaoka, akafua, akapikia familia na wageni. Watoto watatu wakazaliwa: Anna, Katherine na William. Mumewe mara nyingi alikuwa mbali kwa miezi, akinunua hapa, akiuza kule. Tukisema Kohrs alijenga ranchi, tukumbuke kwamba siku nyingi hata hakuwepo. Aliyekuwepo nyumbani ni Augusta, na aliyekuwepo zizini na malishoni ni yule ndugu wa mama mmoja, John Bielenberg, ambaye hakuwahi kuoa na aliijua mifugo kuliko Conrad mwenyewe. Conrad alikuwa mtu wa hesabu na mikataba.

Na hesabu zilikuwa nzuri. Ndugu hao wawili walinunua mafahali wa mbegu bora, Shorthorn na baadaye Hereford, ili kuboresha kundi lililokuwa mchanganyiko wa kila aina. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 bonde likaanza kujaa na nyasi zikapungua. Wakahamishia sehemu ya ng'ombe kaskazini, nyanda za mto Sun. Wakaanza pia kuwaswaga mamia ya kilomita hadi Wyoming, kwenye reli, wapakiwe kwenda Chicago. Mwaka 1883 reli ya Northern Pacific ikakamilika, msumari wa mwisho ukapigiliwa Gold Creek, si mbali na Deer Lodge. Sasa soko la nyama la nchi nzima lilikuwa mlangoni. Katika enzi za kilele, Kohrs alikuwa na hadi ng'ombe 50,000, na walitawanyika kwenye eneo la karibu ekari milioni 10, likigusa majimbo manne na hata Canada. Kila mwaka alipeleka Chicago kati ya 8,000 na 10,000.

Ekari hizo milioni 10 hazikuwa zake. Hakununua, hakukodi, hakulipa hata senti. Zilihesabiwa kuwa ardhi ya umma, na aliyewahi kufikisha ng'ombe wake ndiye aliyekula nyasi. Huo ndio mfumo uliowatajirisha wafalme wote wa ng'ombe wa enzi hiyo: ng'ombe ni wangu, chapa ni yangu, faida ni yangu, nyasi ni za Mungu.

Lakini nyasi hizo zilikuwa na wenyewe. Bonde la Deer Lodge lilikuwa njia na malisho ya Wasalish, Washoshone na wengine vizazi na vizazi. Hata jina la mji linatokana nao: kulikuwa na kichuguu kikubwa cha chemchemi ya maji moto chenye mvuke juu, kama hema lenye moshi, na paa wenye mkia mweupe walikuja kulamba chumvi pale. Nyanda za mto Sun nazo zilikuwa za Blackfeet, mpaka pale serikali iliposogeza mpaka wa hifadhi yao kaskazini mwaka 1873 na 1874. Wakati huo huo wawindaji wa ngozi walikuwa wakiwamaliza nyati wa Marekani, mnyama aliyekuwa chakula, nguo na nyumba ya watu hao. Kufikia 1883 nyati walikuwa karibu wameisha Montana. Majira ya baridi yaliyofuata, mamia ya Blackfeet walikufa kwa njaa hifadhini. Ng'ombe walizijaza nyanda zilizoachwa na nyati. Kohrs hakuwapiga nyati risasi wala hakuandika sheria zile. Ila soko lake lilisimama juu ya hayo yote, na ukitembelea ranchi ile ukaona tu matandiko na chapa za chuma, umeona nusu.

Baridi kali

Katikati ya miaka ya 1880 Kohrs na Bielenberg walijiingiza zaidi. Walinunua sehemu kubwa ya ranchi ya DHS, katikati mwa Montana, kutoka kwa familia ya Davis. Meneja na mbia wa huko alikuwa Granville Stuart, mtu msomi, mpenda vitabu, ambaye mwaka 1884 aliongoza kundi la wafugaji lililowanyonga na kuwapiga risasi watu waliodaiwa kuiba farasi na ng'ombe. Hakukuwa na mahakama katika shughuli hiyo.

Nyanda zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Kila mwenye pesa, hata matajiri wa Scotland na Uingereza, alikuwa amesikia kwamba ng'ombe wa Montana anajilisha mwenyewe, na akatuma mtaji. Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu, nyasi zikabaki visiki. Novemba theluji ikaanza mapema. Januari 1887 joto likapanda kidogo, theluji ya juu ikayeyuka, kisha baridi ikarudi kwa hasira na kuigandisha ikawa barafu ngumu. Ng'ombe aliyezoea kufukua theluji kwa pua alikuta kioo. Walijikata midomo na miguu. Walitembea wakifuata upepo mpaka wakakwama kwenye mabonde na kwenye seng'enge, wakafa wakiwa wamesimama. Wengine waliingia mijini wakila chochote kwenye uzio wa watu. Wenye mali waliokuwa mijini waliandika barua kuuliza hali ya mifugo. Kauboi mmoja kijana, Charlie Russell, alimjibu mmoja wao kwa kumchorea picha ndogo ya ng'ombe mmoja aliyebaki mifupa, mbwa mwitu wakimsubiri. Picha hiyo ikamfanya mchoraji maarufu.

Machi upepo wa joto ulipovuma na theluji ikayeyuka, mito ikajaa mizoga. Mfugaji wa kwetu aliyepitia ukame hahitaji kuelezewa harufu. Katika sehemu nyingi za nyanda zile, zaidi ya nusu ya ng'ombe walikuwa wamekufa, na wafugaji wengine walipoteza karibu wote. Makampuni ya ng'ambo yakafilisika. Stuart akaamua kwamba hatafuga tena mnyama asiyeweza kumlisha na kumpa kivuli wakati wa baridi, na kweli akaachana na kazi hiyo.

Kohrs naye alipoteza vibaya. Ila hakufa kibiashara, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Kwanza, sehemu ya mifugo yake ilikuwa bondeni Deer Lodge, ambako milima hukinga upepo na ambako yeye na John walikuwa wakikata nyasi, kuzikausha na kuziweka akiba. Wafugaji wengi wa nyanda walimcheka mtu wa kukata nyasi, kazi ya mkulima, si ya kauboi. Pili, alikuwa na pesa nyingine kwenye migodi na mifereji ya maji. Tatu, alikuwa na jina.

Jina hilo lilifanya kazi hivi. Kohrs alihitaji mtaji kununua ng'ombe upya, na hakuna aliyetaka hata kusikia neno ng'ombe. Andrew Davis, mwenye benki mjini Butte, mmoja wa familia ile ile iliyomuuzia sehemu ya DHS, akamkopesha dola 100,000. Hakudai dhamana ya shamba wala nyumba. Walipeana mkono tu. Davis alikuwa amemwona mtu huyu akinunua na kulipa kwa zaidi ya miaka 20. Ndani ya miaka minne Kohrs akawa amelipa deni lote.

Napenda sana sehemu hii ya maisha yake, lakini siwezi kuacha kumwaza Johnny Grant. Hata yeye alikuwa mfanyabiashara hodari, na alitoa zaidi ya alivyokopa: wahamiaji wengi walikula nyama yake bila kulipa. Je, mwenye benki angempa mkono Métis mwenye watoto wa mama Mshoshone kwa dola 100,000? Mkopo wa kupeana mikono ni mzuri ukiwa na mkono unaokubalika.

Baada ya hapo ufugaji wa Montana ukabadilika. Waliobaki wakaanza kufanya kile Kohrs alichokuwa akikifanya bondeni kwake: mifugo michache, akiba ya nyasi, ardhi iliyozungushiwa seng'enge. Mwaka 1890 akaongeza upande mpya wa matofali kwenye nyumba ya Grant, ikawa na vyumba 23, maji ya bomba na mfumo wa kupasha nyumba joto. Augusta akaijaza samani za kifahari. Kohrs alikuwa pia mwanasiasa. Alikuwa mjumbe wa mkutano ulioandika katiba ya Montana mwaka 1889, mwaka ambao Montana ilikubaliwa kuwa jimbo kamili, na baadaye akawa seneta wa jimbo.

William

Kwenye mali yote hiyo, kulikuwa na mrithi mmoja wa kiume. William alitumwa New York, Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1901, akiwa na miaka 21, nimonia ikamuua huko huko.

Wazazi wakajenga maktaba mjini Deer Lodge kwa jina lake. Baba aliyeacha nyumba akiwa na miaka 15 na kujifunza hesabu juu ya meza ya nyama aliwaachia watoto wa mji vitabu. Maktaba hiyo bado ipo, inaitwa William K. Kohrs, na watu wa Deer Lodge bado wanaazima vitabu humo.

Kufikia wakati huo wenzi hao walikuwa wamehamia Helena, na ng'ombe walibaki chini ya macho ya John. Miaka iliyofuata serikali ilirahisisha sheria za kuwapa walowezi mashamba, na wakulima wakamiminika na jembe na seng'enge hadi nyanda za wazi zikaisha. Kohrs alikuwa mzee, mwana wake hayupo, na zile nyasi za bure hazipo tena. Yeye na John wakaanza kuuza. Ardhi ikaenda kipande kwa kipande, ng'ombe wakaenda treni kwa treni, mpaka kilichobaki kikawa ekari kama 1,000 kuzunguka ile nyumba. Conrad Kohrs alifariki Helena Julai 23, 1920, akiwa na miaka 84.

Mjukuu wake, Conrad Warren, mtoto wa Katherine, ndiye aliyeirudisha ranchi kwenye kazi kuanzia miaka ya 1930, akafuga Hereford wa asili safi na farasi wa kukokota. Hakutupa vitu. Matandiko ya zamani, magari ya farasi, vitabu vya hesabu, vyote vilibaki ghalani na ofisini, na hiyo ndiyo sababu serikali ilipata cha kuhifadhi.

Augusta aliishi robo karne zaidi baada ya mumewe. Kila kiangazi alitoka Helena akarudi Deer Lodge kukaa kwenye nyumba ile aliyoikuta na kunguni akiwa na miaka 19. Alifariki mwaka 1945, akiwa na miaka 96. Samani zake ziko pale pale alipoziweka, na dirishani unaweza kuwaona ng'ombe wakila nyasi kavu.